Masasi kwa elfu nne

Nimerudi chuo salama, fildi imekwisha, chaki nimezikung'uta mikononi, sasa tunasubiri bumu kama kawaida yetu. Wengine wameshaanza kula kwa mkopo pale kantini, siwataji. Tangu nifike, watu kama watatu wameniuliza habari za ile safari ya vijana wa kijijini kwetu, wanataka bajeti, maana nao huko kwao wana vikundi na vijana wanawasumbua kila likizo, "dada, lini utatupeleka mjini?" Nimeona badala ya kusimulia kila siku mezani, niiandike mara moja.

Kikundi chenyewe ni vijana wa miaka 13 hadi 17, kijiji kimoja nje kidogo ya Newala mjini. Waislamu na Wakristo wamo, wanacheza ngoma, mpira, wanaigiza. Mlezi wao ni mwalimu mstaafu. Mwaka juzi, mimi nikiwa huku chuo, walipanga kwenda Mtwara kuona bahari. Newala si mnaijua? Iko juu ya uwanda, ukisimama pale Shimo la Mungu unaiona Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma kwa macho yako, yaani nchi nyingine unaiona bure kabisa, lakini bahari ya mkoa wako mwenyewe kuna watu wazima hawajaiona. Basi majina yakaandikwa arobaini na kitu, mchango ukatangazwa, wakalipa tisa. Hela zikarudishwa, safari ikafia kwenye daftari.

Hilo daftari mlezi alinipa mwaka huu nilipoomba tujaribu tena. Katibu wao ni binti makini sana, mbele ya kila jina lililokatwa aliandika sababu. "Ana kazi nyumbani." "Hataki." "Anatapika kwenye gari." Nikahesabu wanaotapika, kumi na mmoja! Jamani, kijiji gani hicho kina watoto kumi na mmoja wanaotapika garini, na wengi wao gari la mbali hawajawahi kupanda? Kutapika pale ni lugha. Kijana wa miaka 15 hasemi mbele ya wenzake, tena mbele ya wasichana, kwamba nyumbani hakuna elfu kumi. Atasema anatapika. Wewe mwandaaji ukiandika na kufunua ukurasa, umemwacha, na yeye ndiye hasa alihitaji kwenda kuliko yule ambaye baba yake anaenda Mtwara kila mwezi.

Kwa hiyo tulipokaa na mlezi na mama mmoja wa kamati, hatukuanza na "twende wapi". Tulianza na hao kumi na mmoja.

Vijana wenyewe walitaka Dar. Mmoja alisema Mlimani City, mwingine uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Mlezi akacheka mpaka akavua miwani. Mtwara nayo ni mbali kwa kwenda na kurudi siku moja, na ukilala umeongeza gharama za malazi, walinzi, na usiku kucha wa wazazi wenye mabinti wasiolala. Masasi unaenda asubuhi unarudi jioni. Na msiidharau Masasi. Kwa mtoto aliyezoea gulio la kijijini, ule ni mji, una stendi, una soko la maana, una mabenki, una yale majabali makubwa yanayosimama katikati ya watu kama yamedondoshwa. Bahari wataiona, ila kwanza daftari lipone.

Siku tulichagua Jumamosi, isigongane na Ijumaa ya hawa wala Jumapili ya wale. Kuhusu msimu, kulikuwa na ubishi. Mama wa kamati alisema tungoje Desemba, wazazi watakuwa wameuza korosho. Ni kweli minada inaanza Oktoba na hela huonekana, lakini Desemba magari yanajaa watu wa sikukuu, ngoma za jando na unyago zinapigwa kila upande, na mvua ikianza ile barabara ya kushuka uwandani siyo ya kupitisha watoto wa watu. Tukachukua likizo fupi ya mwisho wa Agosti. Barabara kavu, vumbi tele, mifuko mitupu. Hapo ndipo nilipofurahi, maana Agosti hakuna mwenye hela, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Na Agosti mikorosho inahitaji kufyekewa chini kabla korosho hazijaanza kudondoka. Kuna mzee ana ekari nne na wanawe wote wako Dar. Tukapatana naye elfu thelathini kwa ekari. Jumamosi mbili, vijana na mafyekeo na majembe, ngoma ikipigwa pembeni na wale wadogo, kazi ikaisha. Laki moja na ishirini! Hiyo ilikuwa hela ya wote, aliyekuja kulima na aliyekuja na mdogo wake mgongoni.

Gari sasa. Mwenye kosta alianza na laki mbili na nusu. Mlezi, ambaye alimfundisha darasa la nne, alimwamkia kwa jina lake la utotoni, wakakaa kwenye benchi, wakaongea habari za mbaazi karibu saa nzima, na bei ikateremka mpaka laki moja na themanini, mafuta na dereva ndani yake. Mimi nilisoma chuo, ile kozi hatukufundishwa. Kuna waliotushauri tuchukue lori, la mzigo, eti vijana wanapenda upepo. Tulikataa na sijutii hata kidogo. Ukiwa na watoto 26 wa watu, nafuu ya namna ile ukaiache hukohuko.

Mchango tuliweka elfu nne. Lakini (na hapa ndipo nawaomba msome taratibu) tulitangaza kwamba elfu nne inaweza kuwa kitu, na tukataja vitu kwa majina: kuku mmoja kwa watu wawili, kilo ya mchele na nusu, kunde, mafuta ya kula, nyanya na vitunguu, kuni. Na vyote, hela na vitu, vinapelekwa kwa mama wa kamati nyumbani kwake, jioni, siyo mkutanoni. Hakuna kusoma majina hadharani. Katibu yule binti akawa anaandika "amelipa" tu, hakuna safu ya kiasi. Walilipa hela 17, walilipa vitu 9. Nani alileta nini wanajua watu wawili, na mimi si mmojawapo. Tulikuwa 29 na sisi wakubwa watatu, tuliotoa elfu kumi kila mmoja.

Ukijumlisha, hela taslimu ilikuwa laki mbili na elfu kumi na nane. Toa gari. Ikabaki 38,000. Soda moja kila kichwa, 23,200. Kijana wa kutuonyesha njia ya kupanda jabali tulimpa elfu kumi. Vidonge, plasta na vikorokoro, 4,300. Tulirudi na mia tano, mlezi ameihifadhi kwenye bahasha kama mtaji wa safari ijayo, mzee yule hana masihara.

Chakula kilipikwa nyumbani usiku, pilau na kunde na kuku, waliochinjwa na ustadhi wa jirani ili kila mtu ale bila kuuliza. Kikatiwa kwenye hotipoti kubwa na ndoo safi zenye mifuniko. Maji nayo tulichemsha na kubeba kwa madumu. Mtu wa Newala hahitaji kufundishwa kubeba maji, kwetu yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni na bibi zetu waliyapandisha kwa vichwa, lakini nawaambia nyie wa kwingine, ukinunua maji ya chupa kwa watu 29 siku nzima ya jua umekula nusu ya bajeti. Njiani walitafuna ming'oko, ile ya mwisho mwisho ya msimu.

Sheria iliyoleta kelele ni ya kutobeba hela ya mfukoni. Wenye nazo walinuna. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, sasa mjini bila hela ni mjini gani?" Swali zuri tu. Nikamjibu kwamba chipsi moja ikinunuliwa, kuna wenzake kumi watasimama pembeni wanaangalia mawingu, na siku yao imekwisha hapohapo. Alielewa nusu. Ile nusu nyingine aliielewa mama yake, aliyekuja kumpekua kabla ya kupanda gari.

Wazazi, hasa wa mabinti, tuliwafuata nyumba kwa nyumba. Barua ya chuo haina maana kwa bibi aliyekaa kwenye mkeka anabangua korosho. Unapiga magoti, shikamoo, unaulizwa wewe ni mtoto wa nani, unataja mpaka babu, ndipo unaeleza. Bibi mmoja hakuuliza habari ya gari wala ya chakula, aliuliza saa ngapi mjukuu wake atakuwa mlangoni. Nikasema saa moja jioni. "Saa moja ya jua au ya giza?" Nikasema ya giza linaloanza. Akakubali.

Tuliondoka alfajiri. Kuhusu kutapika, walitapika wawili, mmoja ni mama wa kamati. Mifuko ya rambo si ilipigwa marufuku 2019, kwa hiyo tulikuwa na vindoo viwili vya plastiki vyenye mchanga chini. Chukueni hiyo, ni bure.

Masasi tulianza na Mtandi, kwenye kanisa kuu la Waanglikana, mlimani. Vijana hawakuwa na hamu ya majengo mpaka nilipoanza kuwasimulia kwamba mji huu mwanzo wake wa misheni ni watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1876 Askofu Steere wa UMCA alitoka nao Zanzibar, nia ikiwa ni kuelekea upande wa Ziwa Nyasa, wakafika hapa wakakaa. Halafu 1882 Wangoni, huku wakiitwa Magwangwara, wakapavamia, wakachukua mateka, na misheni ikahamishiwa Newala, kwa Matola. "Newala hii ya kwetu?" Hiyohiyo. Basi wakaanza kubishana nani alimpokea nani, na ubishi ule uliendelea mpaka juu ya jabali. Nikaongeza habari ya Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa Masasi 1960 hadi 1968, yule mpinga ubaguzi aliyempatia Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza kule Afrika Kusini. Masekela hawakumjua. Dereva akawapigia kwenye simu yake wakati wa kula, na mpiga ngoma wetu mmoja aliomba irudiwe mara tatu.

Lakini kilichowateka kabisa, wala sikutegemea kitakuwa kikubwa hivyo, ni stendi. Tuliwagawa vikundi vya watano watano, kimoja kikawa cha sita, kila kikundi na mkubwa wa kukiangalia kwa mbali, na kazi kwenye karatasi: magari yanakwenda wapi na wapi, nauli ngapi, yanatoka saa ngapi, na kilo ya sukari sokoni bei gani ukilinganisha na kwetu. Mwanzoni waliona aibu hata kumsogelea konda. Baada ya robo saa walikuwa wanapatana bei za safari wasizokwenda! Wakarudi na orodha: Tunduru mpaka Songea, Nachingwea, Ndanda na kuendelea Mtwara au Lindi, Dar, Mangaka. Kijana mmoja wa miaka 14, mmoja wa wale kumi na mmoja wa daftari, ndiye aliyeambiwa na konda kwamba ukipita Mangaka ukaenda Mtambaswala kuna Daraja la Umoja, lile lililofunguliwa 2010, unavuka Ruvuma na gari yako. Akaniuliza, "Dada, kwa hiyo ile Msumbiji ya Shimo la Mungu inaendeka?" Inaendeka, nikamwambia. Akaandika nauli ya Mangaka pembeni ya karatasi, akaikunja, hakuirudisha.

Tulifika kijijini saa moja kasorobo. Bibi alikuwa mlangoni.

Mwakani wanataka Mtwara, na safari hii kulala usiku mmoja ili waione Mikindani pia. Mzee wa ekari nne amesema shamba lipo, na ana ndugu yake mwenye ekari sita. Ninachokosa ni pa kulala: darasa, ukumbi wa kanisa au wa madrasa, popote penye mlango unaofungwa, choo na maji, kwa vijana kama thelathini, bure au karibu na bure. Wa Mtwara mliomo humu, nawasubiri. Nitakuwa block yetu ileile, au pale kantini kwa wakopaji.