Kitako cha Bunduki

Kwetu Kasongo, katika Maniema ya Kongo, fundi wa magobore anaweza kupata mtutu hata kwenye bomba la gari bovu, lakini kitako hakichongi kwa mti wowote tu. Mti sharti ukauke kabisa, maana mbichi hupinda baadaye ukausukuma mtutu upande. Nyuzi zake zifuate urefu, hasa shingoni panaposhikwa kwa mkono. Zikipita kwa kukata, bunduki itavunjikia hapo.

Wengi husema kitako ni cha kushikia. Ni kweli: chuma huchoma kikisha kulia, mti hauchomi, na shavu likilala juu yake, jicho linaufuata mtutu. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Msukumo unaopeleka risasi mbele huirudisha bunduki nyuma, na kitako ndicho kinachoufikisha kwa mpigaji. Baba mdogo, aliyewinda pande za Kabambare, alikuwa akituambia: “Ibane begani, mwanangu. Ukiilegeza ndipo itakupiga.”

Maneno hayo nayakumbuka kila nikisoma historia ya mji wetu. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeweka makao yake Kasongo, alisema jina lake la Tippu Tip limetokana na mlio wa bunduki zake. Machi 1893 jeshi la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, likiongozwa na ofisa wake Dhanis, liliteka Nyangwe, na Aprili likaingia Kasongo. Askari wake wengi walikuwa Waafrika, na mabega yaliyopokea mshindo wa bunduki za Albini yalikuwa yao. Leopold mwenyewe, aliyeitwa mwenye nchi hii yote, hakuikanyaga Kongo hata siku moja. Aliamuru, watu wakafa, na begani mwake hakikugonga kitu. Naamini ukatili mkubwa huota hapo, pale anayetoa amri asipoguswa na chochote cha amri yake. Tangu 1996 tumeona vita vikipangwa mbali, na vijana wetu wa Maniema wakitoa mabega.

Jirani mmoja alimwendea baba mdogo amwulie mbwa wa watu aliyekuwa akila kuku wake. Baba mdogo hakubishana naye. Alishindilia baruti, akatia fataki, akamkabidhi gobore: “Kuku ni wako. Weka begani mwenyewe.” Jirani alilishika kwa muda, akalirudisha, kisha akaenda kuzungumza na mwenye mbwa. Walikuwa hawajasemezana tangu masika.