Njia Tatu Mbele ya Watoto Wetu

Sisi wazazi wa Kiislamu tuishio Migori, mwaka 2025 tulikabiliwa na jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: mtoto wa Gredi ya 9 kuchagua njia yake kabla ya kuingia sekondari ya juu Januari 2026. Njia ni tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Huku kwetu uchaguzi huo una mshindani. Dhahabu ya Macalder humwita kijana kwa fedha ya leo. Binti naye husifiwa utulivu, asiulizwe apendalo.

Basi tukakubaliana: baada ya Magharibi mtoto aseme kwanza, nasi tusikilize. Kisha tuulizane: somo analimudu? Shule inalifundisha? Karo itatoka wapi? Binti mmoja alitaka uuguzi, babake akataka amrithi dukani. Walipoketi na kuona kuwa uuguzi wadai baiolojia, somo alipendalo binti, baba mwenyewe alimtafutia muuguzi wa kumweleza kazi ilivyo.

Mtoto ni amana. Amana haifungiwi sandukuni, wala haitupwi njiani ijitunze.

Wabillahi tawfiq.