Majibu ya kuokota

Hapa Nsambya, kwenye kompyuta yangu ya mtumba, niko narudia The Secret of Monkey Island, mchezo wa mwaka 1990 wa Ron Gilbert na wenzake. Programu ya ScummVM inafungua matoleo ya mashine za zamani: la Atari ST lina rangi 16, la Amiga 32, la PC 256. Rangi zinabadilika, maneno ni yaleyale.

Maneno ndiyo niliyafuata. Unabonyeza kitenzi, kisha kitu: fungua mlango, okota sufuria. Sisi tuliotoka Kivu na Kifaransa chetu, Kiingereza cha Kampala tumekiokota hivyo hivyo.

Maharamia wa mchezo huu wanapigana upanga kwa kutukanana. Anashinda mwenye jibu. Usipokuwa nalo, mtupie adui tusi. Akikujibu vizuri umeshindwa, lakini lile jibu unaondoka nalo. Mwishowe bingwa, Carla, anakuletea matusi mapya kabisa, na yanajibika kwa majibu yaleyale ya zamani.

Wiki ijayo nina mahojiano ya kazi, kwa Kiingereza. Maswali siyajui bado. Majibu nimeyaokota kwa konda wa taksi, kwa mama wa matoke, kwa makarani walionicheka.