Hamri la Tano

Saa moja asubuhi, Ndia Kuu. Nimetoka Unguja jana, na kosa langu la kwanza Mombasa ni kuagiza mandazi. Mama aliyeketi nyuma ya karai, chini ya roshani ya mbao, alinitazama kwa huruma. "Haya si mandazi, mwanangu. Ni mahamri."

Kwetu andazi ni kilichoandaliwa. Jina linamsifu mpishi. Mahamri jina lake linatoka kwenye unga wenyewe: ni la Kiarabu, ndugu wa hamira, kitu kilichochachuka. Unga hukandwa kwa tui na iliki, ukaachwa uumuke, na ukiingia mafutani hufura, ndani tupu, mahali pa kutilia mbaazi za nazi. Nilikula manne, wala sijatubu.

Mkahawa wa jirani, wanakopita watalii waendao Fort Jesus, una kibao kilichoandikwa "breakfast". Waingereza wanalo neno hilo tangu karne ya 15: kuvunja, na funga. Usiku kucha hukula, asubuhi unaivunja funga. Kinachonichekesha ni kwamba hata "dinner" yao, waliyoitoa kwa Wafaransa, asili yake ni kufungua funga hiyo hiyo. Mlo ulisogea kidogo kidogo mpaka ukakuta jua limezama, jina likabaki.

Waarabu nao chakula cha asubuhi hukiita futuri, mzizi wake kupasua. Mzizi huo sisi tumeuwekea Ramadhani: kufuturu, futari. Unguja ukitaja futari, mtu huona sufuria la muhogo au ndizi za nazi.

Asubuhi za kawaida hatuvunji kitu. Tanzania tuna kifungua kinywa, Kenya kiamsha kinywa, na pia staftahi, ambayo kwa Kiarabu ni kufungua, nasaba moja na Fatiha. Naona ni kwa sababu kwetu kufunga ni kwa mlango, kwa mdomo na kwa swaumu, kitenzi kimoja. Kilichofungwa hufunguliwa tu. Na kinywa chenyewe kimezaliwa na kunywa. Ndiyo maana jirani Unguja hukuuliza kama umekunywa chai, hata ukiwa umemaliza sahani nzima ya muhogo.

Nikamuuliza mama yeye mlo huu anauitaje.

"Chai," alisema, akaniongezea hamri la tano.