Ukuta uliotulia katikati ya pilikapilika za Kariakoo

Anayeshuka mwendokasi Gerezani na kuingia Kariakoo kwa miguu hupokewa na rangi kabla ya kupokewa na mtu. Mtaa wa Uhuru, khanga na vitenge vimening'inia kutoka juu hadi chini. Mtaa wa Kongo, nguo za watoto, mabegi na viatu vimejaa hadi barabarani, na spika zinatangaza bei bila kupumzika. Familia inayoishi ghorofani katika mitaa hiyo hupanda ngazi jioni na kuingia sebule ndogo yenye televisheni, kochi, friji na madaftari ya watoto. Hapo ndipo swali la nini kitundikwe ukutani linapokuwa zito: macho nayo yanahitaji mahali pa kupumzikia.

Jibu moja ni picha tulivu: isiyo na mtu wala mnyama, yenye rangi ya maziwa, mchanga, udongo au kahawia, na uso wenye mikwaruzo na vinundu. Si kila mtu ataipenda. Bibi akija kutembea anaweza kuuliza fundi atarudi lini kumalizia ukuta.

Dar es Salaam imezoea picha za namna nyingine. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini mwaka 1968. Alitumia vipande vya masonite na rangi za mafuta zenye kung'aa, na wanyama wake wakaenea dunia nzima. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo unaendelea kubeba jina lake.

Hata hivyo, jicho la kupenda utulivu ni la zamani pwani. Mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, paa la makuti na ukuta wa chokaa vyote vina uso wa kupapasa kwa mkono. Kitambaa cha amerikani, pamba isiyong'arishwa, kilipata jina lake karne ya 19 kilipoletwa Zanzibar na wafanyabiashara kutoka Marekani. Na jengo moja kubwa la aina hii liko hapohapo Kariakoo: soko kuu, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Zege lake la kijivu, na paa lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa ili kukusanya maji ya mvua, lilipata umaarufu bila kuhitaji rangi kali. Liliungua Julai 10, 2021, likahitaji ukarabati mkubwa.

Kwa wazazi, kuna sababu nyingine ya kufikiri kuhusu rangi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa kuwa huathiri ubongo unaokua. Shirika la mazingira la AGENDA la hapa Tanzania limewahi kupima rangi za mafuta zinazouzwa madukani na kukuta risasi katika baadhi yake. Kwa kawaida rangi kali za njano, nyekundu na machungwa ndizo zinazoongoza. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa hakizidi sehemu 90 kwa milioni. Rangi tulivu pekee si dhamana, hivyo mzazi achague rangi ya maji na kusoma kopo kabla ya kulipa. Rangi ya zamani inayobanduka isikwanguliwe watoto wakiwa ndani.

Anayetaka kuitengeneza mwenyewe atapata karibu kila kitu kwa mwendo wa miguu. Amerikani hupimwa kwa mita katika maduka ya vitambaa. Fremu inaweza kuchongwa na maseremala wa Keko, wanaojulikana kwa samani. Duka la vifaa vya ujenzi lina gundi nyeupe ya mbao na ule unga ambao mafundi rangi hulainishia kuta. Unga uchanganywe na maji na gundi kidogo ili usipasuke, upakwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka likauke. Mtu mzima auchanganye nje, kwani vumbi lake ni baya kwa mapafu. Kisha watoto wapewe kitana cha meno mapana na kijiko wachore mistari kabla haujashika. Anayetaka ukwaruzo zaidi aongeze mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu.

Mahali pa kutundika pana umuhimu wake. Vinundu huonekana kwa kivuli, na kivuli huja mwanga ukitoka ubavuni. Ukuta ulio pembeni mwa dirisha hufaa kuliko ule unaolikabili. Ukuta wa upande wa bafu uepukwe, hasa wakati wa masika, kwa sababu ya ukungu. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kupiga misumari, picha inaweza kuegemezwa juu ya kabati, mbali na mikono ya mtoto anayetambaa. Vumbi la mjini hukaa kwenye mikwaruzo, kwa hiyo ipigwe brashi laini na kavu kila wiki.

Picha moja inatosha sebule ndogo. Zikiwa tano, ukuta unarudi kuwa Mtaa wa Kongo. Na bibi akiuliza habari za fundi, mtoto aliyeshika kitana anaweza kumwonyesha mstari upi ni wake.