Kutoka León kwa Miguu, Mara Mbili

Baba alizikwa Marangu mwezi Juni 1998. Mimi nilikuwa mwanafunzi Hispania, nauli sikuwa nayo, na habari yenyewe ilinifikia kwa barua wakati kaburi limeshaota majani. Padri mzee wa kanisa nililokuwa nasali hakunipa maneno mengi. Alinipa kijitabu cha kupigiwa mihuri, akaniambia nipande treni hadi León, nikishuka nitembee mpaka Santiago de Compostela, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume. Ni kilomita zaidi ya 300. Niliondoka Septemba.

Ramani sikuwa nayo. Nilifuata mishale ya njano iliyopakwa kwa brashi kwenye mawe, kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za mazizi. Mishale hiyo ina mwenyewe: Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, kijiji cha mlimani pale mtu anapoingia Galicia. Mwaka 1984, wakati njia hii ya karne nyingi imekaribia kusahaulika, alizunguka na makopo ya rangi ya kuchorea barabara, akaiwekea alama kutoka milima ya Pirenei. Alifariki 1989, kabla hajaona umati. Mwaka 1986 waliopewa cheti cha hija kule Santiago hawakufika 3,000. Mwaka niliopita mimi walizidi 30,000, na hata hivyo niliweza kutembea asubuhi nzima nisione mtu.

Ukishaipita Astorga, nchi inaanza kupanda. Mimi ni mtoto wa mlimani, nilidhani vilima vya Ulaya havitanisumbua, lakini nilifika Foncebadón na malengelenge nyayo zote mbili. Foncebadón ilikuwa gofu la kijiji. Mapaa yalikuwa yameangukia ndani ya nyumba, miti imeota jikoni kwa watu, na kulikuwa na mbwa ambao kila hujaji alionywa juu yao. Nilishika mawe mawili mkononi nikapita katikati bila kuwatazama. Wenyeji walikuwa wameshuka mijini kutafuta kazi, mmoja mmoja, miaka mingi nyuma. Nilikumbuka vihamba vya kwetu vilivyobaki na bibi mmoja na milango iliyofungwa kwa kamba, wenye nyumba wako Dar es Salaam.

Mbele kidogo, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,500, upo Msalaba wa Chuma: mlingoti mrefu wa mti, msalaba mdogo juu yake, na chini chungu ya mawe. Kila hujaji huacha hapo jiwe alilotoka nalo nyumbani. Mimi sikuwa na jiwe la Marangu. Niliokota la palepale, nikaliweka palepale, nikamlilia baba.

Siku tatu baadaye nilipanda O Cebreiro kwenye ukungu. Ukitoka La Faba njia ni mawe na matope, nami nilikuwa nasali rozari kwa sauti nipate mwendo wa kupandia. Nilimaliza nusu ya kwanza ya Salamu Maria, nikanyamaza kuvuta pumzi. Nusu ya pili ikaitikiwa nyuma yangu, kwa Kiswahili.

Niligeuka. Alikuwa mama wa makamo, koti la mvua la buluu, kitenge amekifunga kiunoni juu ya suruali.

"Weye uko mtoto wa wapi?" akaniuliza.

"Wa Tanzania, Mama. Shikamoo."

Akacheka mpaka akaegemea fimbo yake. "Shikamoo! Basi uko wa Tanzania kweli."

Kwao ni Bukavu, na alikuwa ameishi Brussels miaka mingi. Mwezi uliotangulia, Agosti, vita vilikuwa vimeanza tena Congo, na wadogo zake walikuwa hukohuko Bukavu. Kila kijiji tulichofika aliulizia simu kwanza, kitanda baadaye. Sarafu zake za peseta alizifunga kwenye ncha ya leso. Alifungua fundo, akatumbukiza sarafu, akapiga namba anayoijua kwa kichwa, akasikiliza. Haikuita. Sarafu zilirudi chini kwa kishindo, akaziokota, akazihesabu, akafunga fundo. Nilimwona akifanya hivyo siku saba.

Pale O Cebreiro kuna nyumba za zamani za mawe, duara, zilizoezekwa majani makavu, ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Niliingia ndani nikasimama. Ilikuwa nyumba ya msonge ya babu yangu, imejengwa kwa mawe. Nilimweleza Mama jinsi ng'ombe anavyopasha nyumba joto usiku, naye akanisikiliza kana kwamba ndiyo habari aliyoifuata kutoka Ubelgiji.

Kuanzia hapo tulitembea pamoja mpaka Santiago. Hatukujua usiku tutalala wapi. Tuliuliza. Nyumba ya mahujaji ikijaa, tulibisha hodi kwa watu, na mara mbili tulilala kwa wenye mashamba waliotupa supu ya kabichi na viazi kabla hawajatuuliza lolote. Siku ya mwisho, kituo cha treni, Mama alinishika mkono akaniwekea leso ile na fundo lake. "Hizi zako zitaita," akasema. Nilipiga simu dukani Marangu, wakamkimbilia mama yangu shambani, nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mama yangu alifariki 2022. Mwaka uliofuata mtoto wa dada yangu, muuguzi huko Ujerumani, aliniambia, "Mjomba, twende ile njia yako. Safari hii ubebe jiwe." Jiwe alikuwa nalo yeye. Alikuwa amelitoa chini ya masale kwenye kaburi la bibi yake.

Mwaka huo wa 2023 waliopokea cheti walizidi 440,000. Mpwa wangu alikuwa ameshalipia vitanda kwa simu kabla hatujatoka León. Begi langu lilitangulia kwa gari kila asubuhi, nikalikuta mlangoni jioni. Mishale bado ipo, lakini watu wengi waliangalia ramani mkononi. Nilisikitika, na nilimwambia. Nilimwambia kwamba usipojua utalala wapi unalazimika kumtazama mtu machoni na kumwomba, na kwamba hija yenyewe niliionja hapo.

Hakunibishia. Tulifika Foncebadón jioni, taa zinawaka. Kuna nyumba kadhaa za kulala wageni, nguo zimeanikwa, kitunguu kinanukia dirishani, na kijana mmoja alikuwa anasukuma toroli la saruji kwenda kwenye gofu nililolikumbuka lina mti ndani. Nilisimama pale muda mrefu. Kijiji kilikuwa kimekufa, na nyayo za watu zimekifufua. Ukimya ule wa 1998 siwezi kuulilia. Ulikuwa ukimya wa watu walioondoka.

Kesho yake jiwe la mama likawekwa juu ya chungu. Halikuzidi ukubwa wa yai la kuku, jeusi, na udongo mwekundu wa nyumbani umeganda kwenye ufa. Mpwa wangu hakutaka kuupangusa.

Kuanzia Sarria njia hujaa, maana cheti kinadai kilomita 100 za mwisho tu kwa anayetembea kwa miguu. Kufikia hapo mpwa wangu alikuwa na namba za simu za watu kutoka Korea, Brazili na Poland. Asubuhi moja simu ikalia: mama wa Kikorea alikuwa ameteguka goti nyuma yetu. Mpwa wangu alirudi karibu kilomita mbili, akamfunga bandeji, akakaa naye mpaka gari lilipofika. Miguu yangu isingenirudisha. Na bila ile simu tusingejua kabisa.

Santiago siku hizi unachukua namba na kusubiri iitwe kwenye kioo, kama benki. Mpwa wangu aliomba cheti chake kiandikwe kwamba ametembea kwa niaba ya bibi yake marehemu. Jambo hilo linaruhusiwa. Karani akaandika jina la mama yangu, herufi kwa herufi, huku mpwa akimtajia. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama nami nilitembea kwa niaba ya mtu. Nikasema ndiyo, mama mmoja wa Bukavu, sijui kama yu hai.

"Jina lake?"

Siku saba nilimwita Mama. Kwetu mtu mzima humuulizi jina. Karani alisubiri, kalamu iko juu ya karatasi, na nyuma yangu namba nyingine ilikuwa imeshaitwa.