Korije ya statiki: ifungwe kwanza, ifunguliwe baadaye

Goma – Wanafunzi wa politekniki wanaijua vizuri korije, kile kitabu cha majibu ya mazoezi kinachopita kutoka simu moja hadi nyingine. Katika somo la statiki, linaloeleza kwa nini daraja ao paa linasimama bila kuanguka, korije ni msaada mkubwa. Kijana aliyekimbia vita na kuacha madaftari kijijini, asiye na asistanti wa kumuuliza, anaweza kupata mwalimu ndani yake. Lakini inategemea anavyoitumia.

Anayenakili usiku hupata pointi za kazi ya nyumbani. Siku ya mtihani karatasi yake inabaki nyeupe, kwa sababu alizoea kukubali kila mstari bila kuanzisha hata mmoja.

Mfano: ubao wa metre 4 umelazwa juu ya mtaro ili chukudu zipite. Gunia la kilo 100 liko metre 1 kutoka ukingo wa kushoto. Uzito wa ubao ukiachwa kando, kila ukingo unabeba kilo ngapi?

Korije ikiwa imefungwa, mwanafunzi achore ubao peke yake na mishale ya nguvu zote: gunia linasukuma chini, kingo mbili zinasukuma juu. Akikwama nusu saa, afungue, asome mstari mmoja tu, afunge tena. Makosa mengi huanzia kwenye mchoro.

Akihesabu momenti kwenye ukingo wa kushoto, 100 × 1 ni sawa na mzigo wa kulia × 4. Kulia ni kilo 25, kushoto 75. Kabla ya kutazama jibu, ahakikishe kutoka ukingo wa kulia: 100 × 3 ni 300, na 75 × 4 ni 300. Kwa njia hiyo, hata korije yenye kosa la uchapaji haitamdanganya.

Kesho yake arudie, gunia likiwa katikati. Aliyeelewa atasema kilo 50 kila upande kabla ya kushika kalamu.

Mzazi anayejinyima ili alipe minervali, hata kama hakusoma statiki, anaweza kusaidia. Amwombe mtoto aeleze zoezi moja, simu ikiwa mbali. Siku atakapojenga daraja la kweli, watu watapita juu yake, na korije haitakuwepo.